Nahau za Kiingereza na Picha Zake: Uhakiki wa Maana na Tafsiri

Utangulizi

Nahau ni fungu la maneno lililozoeleka ambalo maana yake haiwezi kupatikana kwa kujumlisha maana za maneno yanayoliunda. Fasili hii ndiyo inayotolewa katika vitabu vingi vya lugha na fasihi, nayo haina kosa. Hata hivyo, imezaa mazoea yenye kasoro katika ufundishaji na katika tafsiri. Maadamu maana ya nahau haitokani moja kwa moja na maneno yake, imechukuliwa kwamba maneno hayo hayana kazi yoyote, na kwamba anachohitaji msomaji ni kuambiwa tu nahau fulani "ina maana gani". Ndiyo sababu nahau za Kiingereza hufundishwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki kwa orodha yenye safu mbili: kushoto nahau, kulia maana yake kwa neno moja au mawili. Mwanafunzi hukariri, hujibu swali la mtihani, kisha husahau.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba orodha ya namna hiyo humpa msomaji nusu tu ya maana. Hoja inayoendelezwa ni kwamba kila nahau hubeba picha, na picha hiyo ndiyo inayoamua nahau itumike wapi, imhusu nani na ibebe hisia gani. Picha hiyo hiyo ndiyo inayoamua kama nahau itaweza kuhamia katika lugha nyingine au itafia njiani. Kwanza zitachunguzwa baadhi ya nahau za Kiingereza zilizotokana na ubaharia. Baadaye zitatazamwa nahau zilizomo katika tamthilia za Shakespeare zilizotafsiriwa na Julius Nyerere, na zilizomo katika riwaya ya Lewis Carroll. Mwishowe zitajadiliwa nahau za Kiingereza ambazo zimo mbioni kuingia katika Kiswahili cha magazeti na redio.

Kamba, Matanga na Upepo

Uingereza ni kisiwa, na kwa karne nyingi riziki na vita vyake vilitegemea merikebu za matanga. Si ajabu basi kwamba lugha ya Kiingereza imejaa maneno ya baharini yanayotumiwa leo na watu wasiowahi kupanda hata mtumbwi. Chukua nahau inayosema kwamba mtu "ana kamba tatu katika upepo". Orodha za shuleni hueleza kwamba maana yake ni kulewa, na hapo hukomea. Neno la Kiingereza linalotajwa katika nahau hiyo lina maana mbili: ni shuka ya kitandani, na pia ni kamba inayoshika ncha ya tanga ili lisipeperuke ovyo, ile ambayo mabaharia wa pwani yetu huiita demani. Asiyejua maana ya pili huona shuka tatu zilizoanikwa, na nahau nzima ikawa kichekesho kisicho na mantiki. Anayeijua huona chombo ambacho kamba zake zimeachia, tanga linapigapiga, na chombo kinayumba bila mwelekeo. Picha hiyo ndiyo mwendo wa mlevi barabarani.

Kiswahili nacho kina nahau yake ya ulevi: mtu "amevaa miwani". Katika orodha, nahau hizi mbili zinaweza kuandikwa mkabala kama kwamba ni kitu kimoja, ilhali hazilingani. Nahau ya Kiingereza humtazama mlevi miguuni, jinsi anavyopepesuka. Ya Kiswahili humtazama machoni, kama mtu ambaye kati yake na ulimwengu pamewekwa kitu kinachobadilisha aonavyo. Ya kwanza yasema kwamba mtu ameshindwa kujiongoza. Ya pili yafumba jambo hilo kwa heshima na utani, ili wakubwa waelewe na watoto wasielewe. Mwandishi wa riwaya anayechagua mojawapo huwa amechagua pia mtazamo wa kumwonea mhusika wake.

Mfano wa pili ni ile nahau ya Kiingereza inayotumiwa kwa mtu aliyeshtushwa na jambo, ambayo kwa asili yahusu merikebu iliyopigwa na upepo kwa mbele. Upepo unapogeuka ghafla, matanga hubanwa nyuma dhidi ya mlingoti, na chombo kilichokuwa kikienda mbele husimama au hata kurudishwa nyuma. Orodha husema maana yake ni "kushangaa". Lakini mtalii anayesimama mbele ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa akaustaajabia ukubwa wa kuta zake hawezi kuelezwa kwa nahau hiyo, ingawa hakika ameshangaa. Nahau hiyo yahitaji mtu aliyekuwa katika mwendo, aliyekuwa na uhakika wa anachokifanya, kisha akazuiwa ghafla na jambo asilolitarajia. Masharti hayo yote hayamo katika neno "kushangaa". Yamo katika picha ya merikebu.

Pingamizi moja huweza kutolewa hapa. Yaweza kudaiwa kwamba msemaji wa kawaida hafikirii matanga wala milingoti anapozungumza. Kwake nahau ni neno kama neno jingine, na picha yake ilikwisha kufa zamani. Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake laweza kupatikana katika Kiswahili chenyewe. Mtu wa Nairobi au Dodoma husema kwamba mambo "yamekwenda mrama" bila kujua kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini. Mtangazaji wa kandanda husema kwamba timu fulani "haikufua dafu" hata kama hajapata kuona nazi ikifuliwa kwa kifuo. Hata hivyo, msemaji huyo hawezi kusema kwamba nyumba imejengwa mrama, wala kwamba jiwe limelala mrama. Kinachokwenda mrama ni kile kilichokuwa safarini: mpango, biashara, ndoa, mazungumzo. Vivyo hivyo, asiyefua dafu ni yule aliyejaribu akashindwa, wala si yule ambaye hakujaribu kabisa. Picha inaposahauliwa na wasemaji, huendelea kutawala matumizi kama kanuni. Bahari imetoweka katika fikra, lakini sheria zake zimebaki katika lugha.

Ratili ya Nyama na Lugha ya Kigiriki

Tamthilia za Shakespeare ni mojawapo ya chemchemi kuu za nahau za Kiingereza. Nyingine alizianzisha yeye, na nyingine zilikuwapo kabla yake akazipa umbo zilizodumu nalo. Msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kuwa na tamthilia mbili kati ya hizo katika lugha yake, kwa kalamu ya Julius Nyerere. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilichapishwa mwaka wa 1963, ikarekebishwa na kutolewa upya mwaka wa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 ilitoka tafsiri yake ya The Merchant of Venice, iliyoitwa Mabepari wa Venisi.

Katika tamthilia hii ya pili ndimo ilimotoka nahau ya "ratili ya nyama". Shylock anamkopesha Antonio fedha kwa mkataba kwamba asipolipa kwa wakati, mkopeshaji atakata ratili moja ya nyama kutoka mwilini mwa mdaiwa. Siku ya malipo inapita na Shylock anadai haki yake mahakamani. Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anaukubali mkataba huo neno kwa neno, kisha anaonyesha kwamba mkataba umetaja nyama lakini haukutaja damu. Kwa namna hiyo sheria aliyoishikilia Shylock bila huruma inamgeukia yeye mwenyewe.

Katika Kiingereza cha leo, nahau hiyo hutumiwa kwa mtu yeyote anayeng'ang'ania haki yake hata kama kudai huko kunamuumiza mwenzake: mwenye nyumba anayedai kodi, mwajiri asiyekubali udhuru, idara ya kodi. Nahau imechakaa kwa kutumiwa. Watumiaji wengi hawakumbuki tena kisu wala mizani, wala hawakumbuki kwamba aliyeidai nyama hiyo hakuipata. Wanasahau pia jambo zito zaidi. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka wa 1290 na hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka wa 1656. Shakespeare aliiandika tamthilia hii mwishoni mwa karne ya 16 kwa ajili ya watazamaji ambao wengi wao walimjua Myahudi kwa masimulizi ya chuki tu. Nahau iliyotokana na Shylock imebeba historia hiyo, na mwanafunzi aliyefundishwa kwamba maana yake ni "kudai haki kamili" huitumia bila kujua anachokishika mkononi.

Sasa mtazame msomaji wa Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa miaka miwili kabla, mwaka wa 1967. Neno "bepari", lililoingia Kiswahili kutoka lugha za Kihindi likiwa na maana ya mfanyabiashara, lilikuwa limeanza kubeba maana ya mnyonyaji anayemiliki mtaji. Katika hotuba na nyimbo za wakati huo, mnyonyaji alifananishwa na kupe anayenenepa kwa damu ya mwingine. Kwa msomaji huyo, ratili ya nyama haikuwa nahau iliyochakaa. Hakuwa ameisikia mara elfu kabla ya kufungua kitabu. Aliiona kama tukio: mtu ananoa kisu ili aukate mwili wa mwenzake kwa sababu ya deni. Tena aliiona katikati ya msamiati wa kisiasa ambao tayari ulizungumza juu ya nyama na damu. Kile ambacho kwa Mwingereza kilikuwa kimegeuka kuwa msemo wa mezani kilirudi katika Kiswahili kikiwa na uhai wake wa kwanza.

Hapa ndipo penye fundisho muhimu kwa nadharia ya tafsiri. Kwa kawaida hudaiwa kwamba tafsiri hupunguza, na kwamba nahau ndiyo inayopoteza zaidi. Mfano huu waonyesha kinyume chake. Tafsiri iliivua nahau uzoefu wake na kuirudishia picha. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu tamthilia yenyewe inamwonyesha msomaji deni, mkataba, kisu, mizani na hukumu. Picha haikuhitaji kutoka katika utamaduni wa msomaji kwa kuwa ilikuwa imekwisha kujengwa jukwaani.

Julius Caesar nayo ina nahau inayotumiwa kila siku: mtu asiyeelewa jambo husema kwa Kiingereza kwamba jambo hilo kwake ni Kigiriki. Ndani ya tamthilia, maneno hayo si nahau hata kidogo. Casca anawasimulia Brutus na Cassius kwamba Cicero alizungumza kwa Kigiriki. Waliomwelewa walitabasamu, lakini yeye hakuelewa kitu. Katika Roma ya wakati ule Kigiriki kilikuwa lugha ya wasomi, na Casca anapojitangaza kuwa hakijui, anajiweka upande wa watu wasio na madaha ya elimu. Kauli yake yahusu lugha na tabaka kwa pamoja.

Mwalimu anayetafuta nahau ya Kiswahili iliyo karibu na hiyo aghalabu hukimbilia usemi wa "kumpigia mbuzi gitaa". Zote mbili zahusu maneno yasiyoeleweka, lakini msemaji wake si mmoja. Kwa Kiingereza, anayesema ni msikilizaji, naye anakiri ujinga wake mwenyewe, mara nyingi kwa mzaha. Kwa Kiswahili, anayesema ni mzungumzaji, naye anamlaumu msikilizaji kwa kumfananisha na mnyama. Casca akipewa mbuzi na gitaa, tabia yake yote hugeuka: badala ya mtu anayejidai kutojua, huwa mtu anayetukanwa. Orodha ya safu mbili haiwezi kuonyesha tofauti hii, kwa sababu haiulizi swali la nani anasema na nani anasemwa.

Nahau Zilizogeuka Wahusika

Pengine hakuna kitabu cha Kiingereza kinacholeta suala hili waziwazi kuliko Alice's Adventures in Wonderland cha Lewis Carroll, kilichochapishwa mwaka wa 1865. Carroll alichukua nahau zilizokuwa zikitumiwa na watu wa nchi yake akazigeuza kuwa wahusika. Waingereza walikuwa na msemo wa mtu mwenye wazimu kama mtengeneza kofia, na mwingine wa mtu mwenye wazimu kama sungura wa mwezi wa Machi. Walikuwa pia na msemo wa mtu anayekenua kama paka wa Cheshire. Katika riwaya, mtengeneza kofia na sungura huketi meza moja wakinywa chai isiyokwisha, na paka hutoweka hadi kikabaki kicheko chake tu.

Kwa Mwingereza, mzaha wa Carroll una ngazi mbili. Wahusika hawa ni wendawazimu kwa sababu lugha ilikwisha kuamua kwamba wao ni wendawazimu. Picha zenyewe zilikuwa na mashina yake. Sungura wa Ulaya huonekana wakirukaruka na kupigana ngumi mashambani majira ya kupandana yanapofika, na kilele chake huonekana mwezi wa Machi. Watengeneza kofia walitumia zebaki katika kuandaa manyoya, nayo zebaki huidhuru akili na mishipa ya fahamu. Wengi wameihusisha nahau hiyo na ugonjwa wa mafundi hao, ijapokuwa asili yake imebishaniwa.

Riwaya hii imetafsiriwa kwa Kiswahili zaidi ya mara moja. Mwaka wa 1940 ilitoka kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka wa 2015 ilitoka tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Yeyote anayeitafsiri hukabiliwa na tatizo ambalo si la msamiati. Maneno "kofia" na "sungura" yapo, wala hayamsumbui mtu. Tatizo ni kwamba Kiswahili tayari kina picha zake juu ya viumbe hawa, na picha hizo hukinzana na za Kiingereza. Mshona kofia katika miji ya Lamu na Zanzibar ni kielelezo cha subira: hukaa barazani akitoboa na kudarizi kofia moja kwa siku nyingi. Sungura wa ngano zetu ndiye mwenye akili kuwazidi wanyama wote. Humlaghai fisi na kumshinda simba. Machi nao kwetu ni mwezi unaoleta matarajio ya masika. Msomaji anayeambiwa kwamba mtu ana wazimu kama sungura wa Machi atashangaa, kwa kuwa fasihi simulizi yote aliyolelewa nayo yamwambia kinyume.

Hata hivyo, msomaji huyo hawezi kupotea. Carroll hakuziacha nahau zake zikiwa semi tupu. Alizipa meza, vikombe, saa iliyoharibika, vitendawili visivyo na majibu na ugomvi. Mtoto asiyejua kwamba mtengeneza kofia ni nahau bado huuona wazimu wake ukitendeka mbele yake. Anachokosa ni ile raha ya kuitambua semi ya zamani ikiwa imevaa viatu na kutembea. Hasara hiyo ni ya kweli na haifai kufichwa. Lakini kama ilivyokuwa katika ratili ya nyama, kazi ya sanaa imejitengenezea picha yake yenyewe, na kwa hiyo nahau imeweza kuvuka.

Nahau Ngeni katika Kiswahili

Hali ni tofauti kabisa pale nahau inapovuka peke yake, bila tamthilia wala riwaya ya kuibeba. Hivyo ndivyo nahau nyingi za Kiingereza zinavyoingia katika Kiswahili cha leo: kupitia chumba cha habari, hotuba iliyoandikwa kwa Kiingereza kwanza, na mikutano ya maofisini. Mfasiri anayekimbizana na saa huyahamisha maneno, picha huiacha ng'ambo.

Mfano wa kwanza ni chumvi. Kiingereza humshauri mtu aipokee habari yenye shaka pamoja na punje ya chumvi, yaani asiiamini yote. Picha yake ni ya mlaji: chakula kigumu kumeza hulainishwa kwa chumvi kidogo. Kiswahili nacho kina chumvi katika habari, lakini anayeitia ni msimulizi. Mtu aliyetia chumvi ameongeza yasiyokuwapo. Mwandishi anayetafsiri neno kwa neno akasema kwamba taarifa fulani ipokewe kwa chembe ya chumvi, atakuwa amemshauri msomaji aongeze uongo juu ya uongo. Katika lugha moja chumvi ni dawa ya kutia chuku, katika nyingine ndiyo kutia chuku kwenyewe. Hapa nahau ngeni imegongana na ya nyumbani, na ya nyumbani ndiyo itakayoshinda katika akili ya msomaji.

Mfano wa pili ni barafu. Katika mikutano na warsha husikika kwamba mchezo fulani ni wa "kuvunja barafu", yaani kuondoa ukimya baina ya watu wasiofahamiana. Nahau hii ni ya zamani, na Shakespeare aliitumia. Inatoka katika nchi ambako maji huganda wakati wa baridi na kufunga njia za vyombo. Mto Thames uligandia mjini London mara kadhaa hata watu wakafanya maonyesho na biashara juu yake, mara ya mwisho ikiwa mwaka wa 1814. Katika picha hiyo barafu ni adui, na anayeivunja amefungua njia. Lakini kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam, barafu ni kitu kinachonunuliwa ili kipoze kinywaji wakati wa jua kali. Tena Kiswahili kimeijenga raha yenyewe juu ya ubaridi: "burudani", "kuburudika" na "kuburudisha" yatoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa neno "baridi". Lugha inayoita starehe kwa jina la ubaridi haiwezi kuuona uhasama katika barafu bila kuelezwa. Kinachovunjwa katika Kiswahili ni ukimya, au kinachoondolewa ni haya. Maneno hayo yapo na hayahitaji barafu.

Mfano wa tatu ni "mwisho wa siku", ambayo kwa Kiingereza ina maana ya hatimaye, baada ya yote kuzingatiwa. Nahau hii yaeleweka upesi, na kwa sababu hiyo imeenea sana. Kasoro yake ni kwamba katika Kiswahili fungu hilo bado lina maana yake ya kawaida. Kiongozi anayeahidi kwamba "mwisho wa siku wananchi watapata maji" aweza kudhaniwa ameahidi maji kabla ya magharibi. Wakati huo huo, "hatimaye", "hatima ya yote" na "mwisho wa yote" huachwa zikichakaa bila kosa.

Si kila nahau ngeni yafaa kukataliwa. "Machozi ya mamba" imekubalika katika Kiswahili, na sababu yake yaweza kuelezwa kwa hoja ile ile. Waingereza hawakuwa na mamba katika mito yao. Waliipokea habari ya mnyama anayelia huku akila mawindo yake kupitia masimulizi ya wasafiri, mojawapo likiwa kitabu cha karne ya 14 kilichopewa jina la John Mandeville. Kwao mamba alikuwa wa kusimuliwa tu. Msomaji wa Kiswahili anayeishi kando ya mto Tana au ziwa Turkana anamjua mamba kwa hofu halisi. Nahau ilipofika kwake ilikuta picha ikiisubiri, tena picha yenye nguvu kuliko ile iliyokuwa nayo kwa wenyewe. Haikugongana na nahau yoyote ya nyumbani, na haikuchukua nafasi ya neno lililokuwapo.

Kutokana na mifano hii, vigezo vitatu vyaweza kupendekezwa kwa mfasiri na mhariri. Kwanza, je, msomaji aweza kuiona picha ya nahau bila kuelezwa? Pili, je, picha hiyo haikinzani na picha nyingine iliyokwisha kukaa katika lugha? Tatu, je, inasema jambo ambalo lugha haikuwa na njia nzuri ya kulisema? Machozi ya mamba yanapita vigezo vyote. Chumvi ya Kiingereza inashindwa katika kigezo cha pili, barafu katika cha kwanza na cha pili, na mwisho wa siku katika cha tatu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maana ya nahau haiishii katika ufafanuzi wake wa kamusi. Ufafanuzi hueleza kile ambacho nahau yasema; picha hueleza jinsi inavyokisema, kwa nani, na kwa gharama gani. Nahau za Kiingereza zina mabaharia, madeni, baridi kali na chuki za kale ndani yake, kama ambavyo za Kiswahili zina minazi, majahazi na mabaraza. Anayefundishwa safu ya kulia peke yake hapati Kiingereza kamili. Na kwa kuwa amezoea kuiona nahau kama maneno yasiyo na picha, hataona kosa lolote atakapoyahamisha maneno hayo matupu katika Kiswahili. Hivyo udhaifu mmoja wa darasani huzidhuru lugha mbili kwa pamoja.

Dawa yake haihitaji gharama kubwa. Mwalimu anayefundisha nahau moja kwa siku pamoja na picha yake, akawauliza wanafunzi watafute picha ambayo lugha zao wenyewe zimetumia kwa jambo hilo hilo, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko anayekaririsha nahau hamsini. Mfasiri naye ana njia mbili za halali. Aweza kuijenga picha ya kigeni mbele ya msomaji hadi ionekane, kama zinavyofanya tamthilia na riwaya zilizojadiliwa hapa. Au aweza kuiacha na kuchukua picha ya nyumbani, akijua amebadilisha nini. Njia ya tatu, ya kuyavusha maneno na kuiacha picha ng'ambo, ndiyo iliyo nyepesi kuliko zote. Nayo ndiyo itakayomfanya msomaji wa kesho aisome lugha yake mwenyewe kama orodha ya safu mbili, huku safu ya kulia ikiwa imepotea.